Upimaji wa mahitaji maalumu ya elimu

Upimaji wa mahitaji maalumu ya elimu ni uchunguzi wa kujua kama mtoto anahitaji elimu maalumu na msaada gani umfae: nukta nundu, lugha ya alama, darasa la kitengo, au kukaa dawati la mbele tu. Nchini Tanzania hufanywa na walimu wa elimu maalumu, wanaoandaliwa katika vyuo kama Patandi mkoani Arusha, pamoja na watumishi wa afya na ustawi wa jamii. Haki ya kusoma haitegemei majibu ya kipimo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imekwisha kuitoa.

Upimaji huanza na macho na masikio. Kwa mfano, katika kata ya Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, kwenye mashamba ya vitunguu chini ya mlima Kitonga, wa kwanza kushtuka huwa mzazi au mwalimu wa darasa la kwanza. Chati ya herufi E hutazamwa kwa umbali wa mita 6, na asiyejua kusoma huonesha kwa vidole E imeelekea wapi. Usikivu hupimwa kwa odiomita. Hatua hii isirukwe kamwe: mtoto asiyesikia vizuri huitwa mzito, na jina hilo likishamganda halibanduki upesi.

Kupima akili ndiko kugumu. Jaribio la Alfred Binet na Théodore Simon la 1905 lilitungwa kwa kazi hii hasa, lakini lilitungiwa watoto wa Paris. Aliyelelewa kwa Kihehe akakikuta Kiswahili shuleni anaweza kushindwa na swali kabla hajalielewa. Hata vifaa huhukumu: mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alionesha kwamba watoto wa Zambia waliwapita wa Uingereza kuunda maumbo kwa waya, wakapitwa kwa penseli na karatasi, kwa udongo walilingana.

Njia ya haki zaidi ilijaribiwa hapa nchini, karibu na Bagamoyo. Wanasaikolojia Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, katika utafiti uliochapishwa 2002, waliwapima wanafunzi, wakawafundisha kwa muda mfupi mbinu za kupanga na kuuliza maswali, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, na walioongoza mara ya kwanza hawakuwa lazima walioongoza mara ya pili.