Nani Hujaribu Muziki? Habari za Wazawose na Nyanda za Juu za Kusini

Barabara iendayo Dodoma kutoka Iringa huteremka kutoka katika baridi ya milima, ikaingia katika joto la bonde, kisha ikavuka maji ya Ruaha Mkuu penye bwawa la Mtera. Kusini mwa maji hayo ni Uhehe, na kaskazini mwake ni Ugogo. Watu wa ng'ambo hizo mbili walipigana zamani, wakaoana, wakauziana mifugo na nafaka. Na kila upande ukabaki na namna yake ya kuimba. Katika karne ya ishirini upande wa kaskazini ulitoa wanamuziki wawili, Hukwe Ubi Zawose na Charles Zawose, mtoto wa nduguye, ambao waliufikisha muziki wa Kigogo katika majukwaa ya dunia. Muziki huo ulipokutana na mitambo ya studio za Ulaya, ulihesabiwa miongoni mwa muziki wa majaribio. Neno hilo si baya, lakini ndani yake limejificha swali. Katika majaribio hayo, nani alikuwa mjaribu, na nani alikuwa kitu cha kujaribiwa?

Swali hili lawahusu watu wa Iringa na Mbeya pia, maana nchi yao ilikuwa uwanja wa majaribio ya muziki tangu zama za Wajerumani. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Mmoja wa waliowafuata, Traugott Bachmann, alikaa miaka mingi Mbozi, katika nchi ya Wanyiha, ambayo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya mpaka Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016. Katika siku zile wamisionari wengi waliona ngoma na nyimbo za wenyeji kuwa ni mambo ya giza yasiyostahili kuingia kanisani. Bachmann, baada ya kukaa na Wanyiha na kuijua lugha yao, aliona vingine, akakubali wamwabudu Mungu kwa tuni zao wenyewe. Hilo lilikuwa jaribio la ujasiri, na haki humtaka mtu alikumbuke. Hata hivyo, yafaa kuona ya kwamba ruhusa ilikuwa mikononi mwa mgeni. Yeye ndiye aliyepima tuni ipi yafaa na ipi haifai. Mnyiha alileta sauti, na mizani ikabaki kwa mwingine.

Iringa nayo ina habari yake. Wahehe wana chombo kiitwacho ligombo: ubao uliochimbwa katikati mfano wa mtumbwi mdogo, juu yake uzi mmoja mrefu ukapitishwa kwenda na kurudi mpaka ukawa nyuzi kadha, na kibuyu kikatiwa ili kuikuza sauti. Mpigaji huimba peke yake, naye huimba habari na sifa za watu na za nchi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine zake za kunasa sauti, akawarekodi Wahehe, Wagogo na makabila mengine mengi. Mwaka 1954 aliunda maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na kwa kazi hiyo sauti nyingi ambazo zingalipotea zinasikika hata leo. Lakini santuri huihifadhi sauti kama ilivyokuwa siku ile. Haiwezi kuulizwa ikajibu, wala haiwezi kukosea, na chombo kisichoweza kukosea hakiwezi kujifunza neno jipya.

Basi kuna jaribio la mtu achukuaye muziki wa wengine na kuupatanisha na shabaha yake, na kuna kazi ya mtu auwekaye akibani. Njia ya tatu ni ya mwenye muziki ambaye huuliza chombo chake mwenyewe kinaweza nini zaidi ya kile alichorithi. Hii ndiyo njia ya Wazawose, nayo haieleweki mpaka ijulikane kwanza sheria ya muziki wa Kigogo.

Gerhard Kubik, mtaalamu aliyezunguka sehemu za kusini za Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, ameonyesha ya kwamba sauti za Wagogo zimejengwa juu ya asili ya mtetemo wenyewe. Uzi uliowambwa, ukiguswa kwa wepesi mahali mbalimbali, hutoa ngazi ya sauti zilizokuwamo ndani yake tangu mwanzo. Wagogo hutumia ngazi ya nne mpaka ya tisa. Na kwa kuwa ya nane ni ile ya nne iliyopanda juu, sauti zinazobaki ni tano. Mwenzi wa mwimbaji huruka sauti moja: ya nne huenda na ya sita, ya tano na ya saba, ya sita na ya nane, ya saba na ya tisa. Ile ya saba haimo katika piano. Huangukia kati ya funguo mbili. Kwa hiyo sikio lililolelewa kwa kinanda cha kanisa au cha shule huweza kudhani ya kwamba Mgogo amekosea, kumbe amefuata sheria iliyo ya kale kuliko kinanda.

Hukwe Zawose alizaliwa yapata mwaka 1940 katika kijiji cha Doduma, Dodoma, akakulia katika sheria hiyo. Tanganyika ilipokwisha kujitawala, Rais Julius Nyerere aliunda mwaka 1962 Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa nia ya kuurudishia utamaduni wa wananchi heshima iliyovunjwa na ukoloni. Habari za mpigaji huyu wa Ugogo zilimfikia Rais, naye akamwita Dar es Salaam. Baadaye Hukwe alihamia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, akafundisha huko na kuwakusanya jamaa zake. Hivyo muziki wa nchi kavu ya katikati ukapata makao pwani.

Kuhama kwake hakukumfanya auache muziki wa kwao, wala hakukumfanya auweke kama ulivyo. Alichukua ilimba, kile chombo cha sanduku la mti na vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba, akaikuza mpaka ikawa na vyuma 66. Alichukua zeze na kuliongezea nyuzi. Mtu asiyejua atasema ya kwamba aliongeza vyuma ili apate sauti nyingi za kupiga. Sivyo kabisa. Katika ilimba ya Kigogo baadhi ya vyuma havipigwi hata kidogo. Vimetiwa ili vitetemeke vyenyewe jirani zao vinapopigwa, na kuizunguka sauti kwa mwangwi. Tundu la sanduku nalo huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti itoke na mvumo. Kwa hiyo kuikuza ilimba ni kukuza vyote viwili, kinachonena na kinachoitikia. Kazi hii ya kuchonga, kulinganisha, kusikiliza na kulinganisha tena ilikuwa jaribio kamili, nayo ilitendeka pasipo studio.

Charles alipojiunga na mzee wake, sheria ile ya sauti mbili ilipata miili miwili. Katika maonyesho yao watu wawili walitosha: ilimba, zeze, filimbi, ngoma, na njuga miguuni. Hukwe alikuwa na sauti iliyoweza kutoka katika mngurumo wa chini mpaka ukelele mwembamba wa juu, na Charles alimfuata kwa ule umbali wa kuruka sauti moja. Mwaka 1996 albamu ya Chibite ilitolewa na Real World, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1989 na Peter Gabriel, ambaye pia alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tamasha la WOMAD. Msikilizaji wa albamu hiyo, asipoambiwa, aweza kufikiri ya kwamba anasikia kundi kubwa.

Mwaka 2002 ilifuata Assembly, albamu ya Hukwe pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada ambaye alikuwa amekwisha kufanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Humo gitaa na mitambo ya umeme vilikaa pamoja na ilimba. Mwaka huohuo Hukwe na Charles walipanda majukwaani Marekani kabla ya Gabriel katika msafara wake. Hapa ndipo neno la majaribio lilipopata nguvu, na hapa ndipo hukumu hutofautiana. Wako wasemao ya kwamba muziki wa Kigogo ulitiwa maji kwa ajili ya soko la wageni. Na wako wasemao ya kwamba Brook ndiye aliyeupa uhai mpya. Hukumu zote mbili zina kosa moja: zinamweka Hukwe kama mtu aliyekaa kimya akifanyiwa. Mtu aliyekuwa ameibadilisha ilimba yake kwa miaka mingi hakuhitaji kufundishwa kujaribu. Katika studio mgeni alikuwa gitaa, kwa maana ndilo lililopaswa kutafuta mahali pa kukaa karibu na ile sauti ya saba ambayo halina.

Tarehe 30 Desemba 2003 Hukwe alifariki dunia, na mwaka 2004 Charles naye akafa. Kwa muda mfupi nyumba ilikuwa imepoteza sauti ya kwanza na sauti ya pili. Kama sanaa hii ingalikuwa ya watu wawili tu, ingaliishia hapo, na wasomi wangalibaki na santuri. Lakini nyuma ya wanaume wale walikuwako watu wengine, hasa wanawake wa jamaa, ambao kwa miaka mingi waliitikia, walicheza, na kupiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo ishikwayo katikati ya mapaja. Ilimba na zeze vilihesabiwa kuwa vya wanaume, na kuongoza wimbo mbele ya watu kulikuwa kwa wanaume. Wanawake walikuwa mfano wa vile vyuma visivyopigwa: sauti isingalikuwa kamili pasipo wao, lakini hakuna kidole kilichowaendea.

Mwaka 2024 Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa albamu yao ya kwanza, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens. Wanaimba kwa Kigogo na Kiswahili, na wanapiga vyombo ambavyo zamani vilikuwa mikononi mwa baba na babu. Hili ni jaribio kubwa kuliko la gitaa la umeme, kwa sababu halikugusa sauti tu. Liligusa mpango wa nani husimama mbele na nani husimama nyuma. Huenda mtu akasema ya kwamba nao pia walisaidiwa na watayarishaji wa Kiingereza, na kampuni ni ileile ya Ulaya. Ni kweli, wala si jambo dogo. Sanaa ambayo hupata studio na jukwaa ugenini kabla ya kuvipata nyumbani ina deni la kudai kwa watu wake. Lakini deni hilo ni la nchi, si la wanawake wale. Wao wamefanya yaliyo katika uwezo wao: wamekiuliza chombo cha kwao swali jipya.

Sasa na turudi kusini mwa Mtera. Iringa na Mbeya zina vyuo vikuu, na vijana wanaosoma humo waweza kusikia ligombo la mwaka 1950 kwa urahisi ambao babu zao hawakuwa nao. Kusikiliza ni mwanzo mwema, lakini habari za Wazawose zaonyesha ya kwamba haukutosha. Hukwe hakurithi ilimba ya vyuma 66. Alirithi ndogo pamoja na haki ya kuichokonoa. Ligombo likiwekwa katika kabati la makumbusho, na tuni za Wanyiha zikiandikwa katika vitabu tu, vitakuwa vimehifadhiwa na kunyamazishwa kwa pamoja. Mwenye chombo ndiye anayejua ni uzi upi waweza kuongezwa pasipo kukivunja. Na akikivunja, ndiye anayejua mti wa kuchongea kingine.