Soko na Dola: Tarehe ya Kiingereza Kariakoo

Kiingereza hakikuingia Kariakoo kwa mlango wa biashara. Dar es Salaam, mji alioanza kuujenga Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, ulinunua na kuuza kwa Kiswahili, na Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, waliona heri watawale kwa lugha hiyohiyo kupitia maakida. Waingereza waliutwaa mji Septemba 1916, na wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, wakapiga kambi mahali ambapo Wajerumani walikusudia kuweka soko. Wenyeji wakalitamka Kariakoo. Soko lilipofunguliwa mwaka 1923, jina lilikuwa limeshakuwa lao. Hiyo ndiyo kanuni ya karne nzima iliyofuata: dola huleta lugha, soko huipangia pa kukaa.

Waingereza wenyewe wangepaswa kuielewa kanuni hii. Baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066, Kifaransa ndicho kilichotawala ikulu na mahakamani, huku Kiingereza kikiendelea shambani na gulioni. Mwaka 1362 sheria iliagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza, ingawa sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Kiingereza kilikuwa kimejaa maneno ya Kifaransa, lakini muundo wake ulibaki wa wenyewe. Dar es Salaam nayo iligawanywa: ofisi upande wa bandari, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja katikati. Kiingereza kikawa cha faili. Tanzania ilisubiri hadi mwaka 2021, miaka 60 baada ya Uhuru, kutunga sheria iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Sokoni mambo hayakungoja sheria. Chumba cha duka kinachopangishwa huitwa fremu, na mtu husema amepata fremu Msimbazi bila kufikiria mbao za dirisha. Winga, aliyekuwa mchezaji wa pembeni uwanjani, sasa ni kijana asiye na fremu wala mzigo: humdaka mteja barabarani, humpeleka kwa mwenye duka, na bei ikishatajwa hupachika cha juu chake. Mwingereza akisikia mawinga wakigombea mteja hatajua kwamba maneno ni ya kwao.

Mtu atapinga kwamba Kiswahili chenyewe kilibebwa na serikali, kwanza ya Wajerumani, kisha ya TANU. Ni kweli, lakini serikali hizo zilikiokota kikiwa tayari kimesambazwa na misafara ya biashara. Pingamizi zito zaidi ni la shule: sekondari bado hufundisha kwa Kiingereza, na pendekezo la Tume ya Makweta la mwaka 1982 la kubadili hali hiyo halikutekelezwa. Hapa nakubali kwamba dola ina nguvu, kwa kuwa mwanafunzi hana uhuru wa mnunuzi. Hawezi kulikataa neno, wala kulipa kazi nyingine. Ndiyo maana kijana anayelimudu neno la Kiingereza barazani pa duka hulikariri darasani bila kulielewa. Kiingereza kifundishwe kwa bidii kama somo, na fizikia ielezwe kwa lugha ambayo mtoto anaweza kuitumia kubishana.