Modemu na ruta: Haki ya mteja wa intaneti ya nyumbani

Wateja wengi wa intaneti ya nyumbani hupewa na kampuni kisanduku kimoja chenye taa, ambacho kwa kawaida hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni ya modemu, ambayo hubadilisha mawimbi yanayopita katika waya wa simu au kebo ya televisheni yakawa data inayoeleweka na kompyuta. Ya pili ni ya ruta, ambayo huigawa huduma hiyo kwa kompyuta na simu zote za nyumbani, kwa waya au bila waya.

Suala la nani achague kifaa hicho limezua mvutano katika nchi kadhaa. Nchini Ujerumani, sheria iliyoanza kutumika Agosti 1, 2016 iliwapa wateja haki ya kutumia kifaa wanachokitaka. Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2019 ilizikataza kampuni kutoza kodi ya kifaa ambacho hazikukitoa.

Usalama nao una uzito wake. Novemba 2016, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walikumbwa na hitilafu baada ya wavamizi kujaribu kuziteka ruta zao kupitia mlango wa usimamizi wa mbali.

Kabla ya kutia saini mkataba, mteja anapaswa kujua iwapo kifaa kimeuzwa au kimekodishwa, nani anawajibika kukiboresha programu zake, na namna ya kubadili nywila iliyowekwa kiwandani.