Juu ya Nishani za Kale na Sarafu za Ukumbusho

Neno nishani, ambalo asili yake ni Kiajemi, lilikuwa na maana ya alama kabla ya kuwa jina la kipande cha madini kivaliwacho kifuani. Maana hiyo ya kwanza ndiyo tupendayo kuishika hapa, kwa kuwa wakusanyaji wengi wa siku hizi wameisahau. Hununua kitu kwa mng'ao wake, au kwa uchache wake, au kwa sababu kimelazwa ndani ya kisanduku cha mahameli. Hawaulizi kuwa ni alama ya nini, wala ya nani.

Tutwae mfano mmoja unaotuhusu. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, karibu na Ziwa Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa nguo, gome la mti na turubai, kisha wakaanza safari ya kuuchukua mpaka pwani. Huko Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, naye akawashauri wauzike palepale, wakakataa. Mbele yake, huko Kasekera, wenyeji walipochukia kuona maiti ikipitishwa katika nchi yao, wachukuzi walituma mzigo wa uongo urudishwe nyuma, na maiti yenyewe wakaifunga upya mfano wa robota la nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Walilipwa ujira wao, wakaambiwa waende zao.

Baadaye Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kiliagiza nishani 60 za fedha kwa ajili ya watu hao. Zina mwaka 1874, na maneno ya Kiingereza yasemayo kuwa walikuwa waaminifu hadi mwisho. Nishani zilipoletwa Unguja wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika. Lakini jambo kubwa haliko usoni mwa nishani hizo. Liko ukingoni, mahali ambapo mtazamaji wa haraka hapatazami: hapo palichorwa jina la mpewaji.

Kwa mwanafunzi wa lugha na wa historia, ukingo huo ni hati. Majina ya wachukuzi wa karne ya 19 yametufikia hasa kwa kalamu za mabwana zao wa safari, nao waliyaandika jinsi masikio yao yalivyoyasikia. Na jina lichorwalo katika fedha hubaki katika mwaka wake. Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, alibatizwa mwaka 1886 akaitwa David. Basi nishani ya mwaka 1874 haiwezi kumjua kwa jina hilo. Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861, alikuwa amekwisha kubatizwa Bombay mwaka 1865 na kuitwa James. Jacob Wainwright, ambaye aliandamana na maiti mpaka Uingereza, alikuwa Myao pia. Naye alisoma katika shule ya wamisionari huko Nasik, nchi ya Bara Hindi, na ndiko lilikotoka jina lake la kizungu. Hapo fedha inalihifadhi jina, bali silo aliloitwa na mama yake. Mwenye kuisoma nishani ya namna hii kwa makini hupata mambo mawili: mtu aliyetenda, na mkono wa mwingine uliomwandika.

Kwa hiyo aisuguaye nishani ya kale ili ing'ae hutenda uharibifu, na aikwanguaye ukingo hutenda kosa kubwa zaidi. Wako wafanya hila wanaofuta jina la mtu asiyejulikana na kuchora la mtu mashuhuri, bei ipande. Mkusanyaji mwangalifu huupima ukingo: uliofutwa hupungua unene, na kipenyo chake hakilingani na cha wenzake.

Desturi ya kuandika majina haikudumu. Askari wa King's African Rifles, au Keya kama walivyoitwa na watu wetu, waliopigana vita vya 1914 hadi 1918 walipewa nishani za fedha zilizopigwa ukingoni namba, jina na kikosi. Waliokwenda Burma mwaka 1944 walipewa nyota zisizo na jina lolote, kwa kuwa serikali ya Uingereza haikuandika majina katika nishani za vita vile. Matokeo yake twayaona: nyota ikiuzwa na wajukuu bila karatasi zake, haiwezi tena kumrudia mwenyewe. Ni pambo miongoni mwa mapambo elfu yaliyofanana nalo. Familia zinazozihifadhi bado zinaweza kuandika jina, namba na kikosi cha mzee wao, na kukiweka kikaratasi hicho pamoja na nyota.

Sasa tuzitazame sarafu za ukumbusho. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu tatu za kuhimiza hifadhi ya wanyama: ya fedha ya shilingi 25 yenye twiga, ya fedha ya shilingi 50 yenye kifaru, na ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma. Ni kazi nzuri ya mikono, wala hatuzidharau. Lakini hazikutolewa ili zinunue sukari. Zilitolewa kwa wakusanyaji, nao wakazifungia. Kwa hiyo hazikuchakaa, na kisichochakaa hakina habari ya kutoa juu ya watu. Sarafu hizo zatueleza nia ya mtoaji, basi.

Lakini si kila sarafu ya ukumbusho iko hivyo. Mwaka 1971, Tanzania ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, ilitolewa sarafu ya shilingi tano yenye pembe kumi, nayo ikaingia sokoni. Sarafu za umbo hilo ziliendelea kupigwa miaka iliyofuata. Shilingi tano watu waliziita dala. Na magari ya abiria ya Dar es Salaam yalipotoza nauli ya kiasi hicho, yakaitwa daladala. Nauli ilipanda zamani, sarafu ile haitumiki tena, na jina lingali likitamkwa na makondakta. Huuzwa leo kwa bei ndogo sana, hasa zile zilizolika pembe, kwa kuwa wakusanyaji hupenda zisizoguswa. Sisi twaiona iliyolika kuwa bora: pembe zake zililikia mifukoni na viganjani mwa watu waliolizua neno.