Umeme Unaopotea Njiani

Wiki iliyopita tulisoma jinsi maji yanavyozungusha mashine na kutoa umeme. Leo tutauliza: je, umeme wote unaotoka kwenye mashine hufika kwenye taa? Haufiki. Sehemu hupotea njiani. Habari hii itatupeleka Ujerumani.

Mwaka 1882 palikuwa na maonyesho ya umeme katika mji wa Munich. Fundi Mfaransa, Marcel Deprez, na Mjerumani, Oskar von Miller, walipeleka umeme kutoka Miesbach, umbali wa kilomita 57, kwa waya wa telegrafu. Umeme ukaendesha pampu, na watu wakashangilia. Lakini hesabu ilikuwa mbaya. Kwa kila sehemu 100 za nguvu zilizotoka Miesbach, hazikufika hata 30. Nani atajenga mtambo wa namna hiyo? Ni sawa na kuchota maji kisimani kwa ndoo iliyotoboka.

Nguvu zile zilikwenda wapi? Ziligeuka joto. Umeme ukipita katika waya, waya hupata moto. Mkondo ukiwa mkubwa mara mbili, hasara huwa mara nne. Mkondo ukipungua ukawa sehemu moja ya kumi, hasara huwa sehemu moja ya mia. Basi dawa ni kupunguza mkondo. Na ili nguvu ibaki ileile, lazima msukumo uongezwe. Msukumo huo twauita volti.

Lakini volti nyingi ni hatari nyumbani. Inatakiwa mashine ya kuzipandisha mwanzo wa safari na kuzishusha mwishoni. Mashine hiyo ni transfoma: chuma kilichozungushiwa waya mara mbili, bila kitu kinachotembea. Mwaka 1885 mafundi watatu wa Budapest, Zipernowsky, Déri na Bláthy, walitengeneza transfoma iliyofaa kwa kazi.

Wakati huo wakubwa wa mji wa Frankfurt walitaka kujenga mtambo wa umeme, lakini wataalamu walibishana ni umeme wa aina gani. Von Miller akasema: tujaribu, tupime. Mwaka 1891 waya ulivutwa kutoka Lauffen, penye maji ya mto Neckar, mpaka Frankfurt, kilomita 175. Mashine ya Lauffen ilitoa umeme wa volti chache. Transfoma ikazipandisha hadi 15,000. Huko Frankfurt zikashushwa tena. Mwezi wa Agosti taa zikawaka, na pampu ikainua maji yakaanguka kama maporomoko. Wapimaji walipofanya hesabu, waliona kwamba kwa kila sehemu 100, karibu 75 zilifika. Safari ilikuwa ndefu mara tatu kuliko ile ya Munich, na hasara ilikuwa ndogo zaidi. Ubishi ukapungua.

Hata hivyo, transfoma nayo hula. Waya wake hupata joto, na chuma chake pia. Kwa hiyo mafundi hutumia mabati membamba yaliyopangwa pamoja, si pande moja la chuma.

Fanyeni hesabu hii. Umeme unapita milango mitatu, na kila mlango unapitisha 90 katika 100. Baada ya mlango wa kwanza ni 90, wa pili 81, wa tatu hazifiki 73. Haba na haba hujaza kibaba. Vilevile haba na haba hukimaliza.

Siku hizi kuna vyombo vyenye milango mingi, vinavyounganisha umeme wa jua, betri na taa za nyumbani. Sheria ni ileile: kila mlango unatoza ushuru wake, na ushuru huo ni joto. Gusa chaja ya simu inapofanya kazi. Joto lile ni umeme ulioulipia, na haukuingia katika simu.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini waya hupata joto?
2. Transfoma ya Lauffen ilifanya kazi gani?
3. Ukinunua chombo cha umeme, utamwuliza nini mwuzaji?

Kwa herini, mpaka wiki ijayo.