Laptopu ya Dola 300

Vijana hapa kambini huniuliza laptopu gani ya bei poa inafaa kwa gemu. Mimi huwarudisha kwanza Uganda kaskazini. Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini, aliona kompyuta mara ya kwanza mwaka 2007, wakati wa kuandikisha wakimbizi. Mama yake alidunduliza miaka 3 akapata dola 300, akamnunulia laptopu. Kuichaji ilikuwa mwendo wa saa 3 kwa miguu. Kwa mashine hiyo alitengeneza Salaam, gemu ya mkimbizi anayekimbia vita; mwaka 2018 The Game Awards wakamtunza.

Ndiyo maana ukileta laptopu ya mtumba, mimi naangalia betri kabla ya grafiki. Bei inalipwa siku moja. Chaji, kila siku.