Bei, Mauzo na Mapato: Historia ya Dhana ya Unyumbufu

Miongoni mwa maneno ya biashara yanayohitaji kufafanuliwa, neno mauzo ni moja lenye kutatanisha. Msomaji akikuta katika taarifa ya chama cha ushirika kwamba mauzo yameongezeka, hawezi kujua kama kilichoongezeka ni magunia au ni shilingi. Vitu hivi viwili si kimoja. Mara nyingine huenda njia mbali mbali, magunia yakapanda na shilingi zikashuka. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi tofauti hiyo ilivyotambuliwa katika historia ya elimu ya uchumi, na kisha kupendekeza namna ya kuitaja kwa Kiswahili pasipo utata.

Ushahidi wa zamani unaojulikana sana watoka Uingereza. Mwaka 1699 Charles Davenant alichapisha jedwali la bei za nafaka ambalo wataalamu wa baadaye walilihusisha na Gregory King. Jedwali hilo lasema kwamba mavuno yakipungua kwa sehemu 1 ya 10, bei hupanda kwa sehemu 3 za 10. Yakipungua kwa nusu, bei hupanda kwa sehemu 45 za 10, yaani hufikia mara tano na nusu ya ilivyokuwa. Tukifanya hesabu, twaona jambo la ajabu. Penye magunia 100 yaliyouzwa kwa shilingi 1 kila moja, sasa pana magunia 90 kwa shilingi 1 na senti 30. Mapato yametoka shilingi 100 yakafika 117. Mavuno yakiwa nusu, mapato ni shilingi 275. Wauzaji kwa jumla hupata fedha nyingi zaidi katika mwaka wa njaa kuliko katika mwaka wa shibe, kwa sababu mlaji hawezi kuacha kula. Kinyume chake ndicho kilio cha mkulima popote pale: mavuno mema humletea fedha chache.

Hata hivyo, si kila bidhaa ni chakula. Mwaka 1838 Mfaransa Antoine Augustin Cournot alitoa mfano wa mtu mwenye chemchemi ya maji ya madini, ambaye hagharimiki chochote katika kuyatoa. Mtu huyo, alisema Cournot, hatafuti bei iliyo juu kupita zote, bali ile ambayo, ikizidishwa kwa kiasi kitakachonunuliwa, italeta mapato makubwa kupita yote. Bei ikivuka hapo, wanunuzi wanaokimbia huondoka na fedha nyingi kuliko zile zinazoongezwa na waliobaki.

Jaribio kubwa la jambo hili lilifanywa na posta ya Uingereza. Rowland Hill, katika kijitabu chake cha mwaka 1837, alitaka ada ya barua, iliyokuwa kwa wastani zaidi ya peni 6, ishushwe hadi peni 1 kwa barua isiyozidi nusu aunsi, popote iendapo nchini. Ada hiyo ilianza Januari 1840. Barua zilizopelekwa zilitoka milioni 76 hivi mwaka 1839 zikafika karibu milioni 169 mwaka 1840. Mwenye kutazama barua tu angesema mauzo yameongezeka zaidi ya maradufu, naye angesema kweli. Lakini mapato ghafi yalishuka kutoka pauni milioni 2.4 hivi hadi milioni 1.4 hivi. Yalirudi mahali pake mwanzoni mwa miaka ya 1850, watu walipokwisha kuzoea kuandikiana na reli zilipokwisha kuenea. Twajifunza hapa kwamba wanunuzi huitikia bei kwa kadiri ya muda waliopewa: mwitikio wa mwaka mmoja si ule wa miaka kumi.

Aliyeipa dhana hii jina lililoenea ni Alfred Marshall, katika kitabu chake cha kanuni za uchumi cha mwaka 1890. Alichukua neno linalotumiwa kwa vitu vinavyovutika na kurudi, akalitumia kwa mahitaji. Kipimo chake ni uwiano: asilimia ya badiliko la kiasi kinachonunuliwa, ikigawanywa kwa asilimia ya badiliko la bei. Uwiano ukizidi 1, kupandisha bei hupunguza mapato. Ukipungua 1, huyaongeza. Ukiwa 1 kamili, mapato hubaki yalivyo.

Nasi tunao mfano wa nyumbani. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ulikuwa zao lililoongoza kwa fedha za kigeni wakati Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961. Wakati wa vita vya Korea bei yake ilipanda mno, na wanunuzi waliendelea kununua kwa kuwa hawakuwa na kamba nyingine iliyofaa. Katika miaka ya 1960 zilipatikana nyuzi zitokanazo na mafuta ya petroli, na bei ya mkonge ikaanguka. Kitu kikipata mbadala, mahitaji yake hunyumbuka zaidi, na muuzaji hupoteza uwezo wa kupandisha bei.

Sasa tuje kwenye maneno. Kwanza, twapendekeza mauzo yasiachwe peke yake katika taarifa: iandikwe kiasi cha mauzo kwa magunia au tani, na mapato ya mauzo kwa fedha. Pili, neno mahitaji limekwisha kuzoeleka na hatuna haja ya kuling'oa, lakini lazima lifasiliwe: si kile ambacho watu wanakikosa, bali kiasi ambacho wako tayari, na wana uwezo, kukinunua kwa bei fulani. Mwenye njaa asiye na fedha ana haja. Katika soko hana mahitaji. Tatu, twaona unyumbufu kuwa bora kuliko mnyumbuko. Kama vile pungua ilivyozaa pungufu na upungufu, ndivyo nyumbua izaavyo nyumbufu na unyumbufu. Jina hili lataja sifa ya kudumu, ilhali mnyumbuko wataja tukio. Aidha, mnyumbuko hukaribiana mno na mnyambuliko wa wanasarufi.

Mkutano wa wanaushirika unapojadili kupandisha bei, wajumbe wanastahili kuuliza kwa lugha yao wenyewe: je, kiasi cha mauzo kitapungua kwa kadiri gani, na mapato ya mauzo yatakuwaje? Istilahi zilizo wazi zitawawezesha kuuliza hivyo kabla ya kupiga kura, wala si baada ya ghala kujaa.